Rosinyoli, mgeni mdogo anayekimbilia Afrika kila mwaka

Juma hili tunawaletea habari ya ndege mmoja mdogo sana. Ukikutana naye kichakani hutamtazama mara ya pili, kwa sababu hana rangi ya kuvutia macho. Lakini huko Ulaya kuna watu wanaoacha vitanda vyao usiku wa manane, wakaenda kusimama gizani kando ya vichaka, ili wamsikie tu. Wafaransa wanamwita rossignol; sisi hapa tutaandika rosinyoli.

Mama mmoja anaweza kuuliza: gazeti la wamama na habari za ndege wapi na wapi? Tuna sababu zetu. Ndege huyu ni mgeni wetu: karibu nusu ya mwaka wake anaikalia Afrika, na kaskazini mwa Kongo yetu ni sehemu ya makao yake. Tena namna anavyolea watoto wake, namna watoto wanavyojifunza kwake, na hadithi ya zamani iliyo ndani ya jina lake, vyote vina la kutuambia sisi wenye nyumba na watoto.

Umbo lake na nyumba yake

Rosinyoli ana urefu wa sentimeta 16 hivi, kutoka mdomo hadi mwisho wa mkia. Uzito wake ni gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne vya sukari, vile vya kukorogea chai. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo ni jeupe lililofifia, na mkia una wekundu kama wa chuma chenye kutu. Bibi na bwana wamevaa nguo moja. Ukiwaona wamekaa pamoja hutajua yupi ni yupi.

Anapenda vichaka vilivyofungamana, vyenye majani makavu mengi chini. Hapo anatafuta chungu, buibui, minyoo na wadudu wengine. Mwisho wa kiangazi cha Ulaya anakula pia matunda madogo ya porini.

Kiota hujengwa na jike, chini kabisa au karibu na ardhi, kwa majani makavu na nyasi. Jike hutaga mayai 4 au 5, naye peke yake anayalalia kwa siku 13 hivi. Vifaranga wakitotolewa, baba anaingia kazini: wote wawili wanawalisha. Baada ya siku 11 hivi vifaranga wanatoka kiotani hata kabla ya kujua kuruka vizuri. Wanajificha chini ya vichaka, na wazazi wanaendelea kuwaletea chakula. Ndiyo maana kichaka kikifyekwa wakati huo, jamaa nzima inapotea.

Anayeimba usiku ni baba

Washairi wengi wa Ulaya waliandika juu ya rosinyoli kana kwamba ni mwanamke anayelia usiku. Sivyo. Anayetoa wimbo ule mkubwa wa usiku ni dume. Mwezi wa nne anafika Ulaya kutoka Afrika, anachagua kichaka chake, na usiku unapoingia anaanza. Majike nao wanasafiri usiku. Wanapopita juu wanasikiliza, wanashuka, wanamtembelea huyu na yule kabla ya kuamua.

Watafiti waliofuatilia ndege hawa huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, waliona jambo la kuchekesha kidogo. Dume akiisha kupata bibi, karibu anaacha kuimba usiku. Yule anayesikika usiku kucha, juma baada ya juma, ni mwanaume ambaye bado hajaoa! Asubuhi mapema lakini wote wanaimba, wenye bibi na wasio naye, kwa kuwa wimbo wa asubuhi ni wa kuwaambia madume wengine: kichaka hiki kina mwenyewe.

Dume mmoja anajua kwa wastani nyimbo fupi 180 hadi 200 zinazotofautiana. Mji wa Berlin, Ujerumani, una rosinyoli wengi katika bustani na kando za njia za treni, na hapo watafiti walipima nguvu ya sauti yao. Waligundua kwamba panapokuwa na kelele za magari, ndege anapaza sauti zaidi. Siku za kazi, asubuhi magari yanapojaa, anaimba kwa nguvu kuliko siku za mapumziko. Sauti yake ilipimwa ikafika desibeli 95. Mtu anayefanya kazi kila siku karibu na kelele ya kiasi hicho anapaswa kufunika masikio, na hii inatoka kwa kiumbe cha gramu 20.

Mwaka wa 2023 watafiti wa Ujerumani walionyesha jambo jingine: dume akimsikia mpinzani wake akipiga mluzi wa juu, anaweza kubadilisha wake hapo hapo ufikie kimo kile kile, mpinzani akishuka, naye anashuka. Kwa hiyo anasikia kwanza, halafu anajibu. Wako watu wanaoshindwa jambo hilo katika mkutano wa jamaa.

Maneno matamu na mlo wa watoto

Hapa ndipo wamama watakaposikiliza vizuri. Binti anapochumbiwa tunamwuliza: huyu kijana anasema vizuri, lakini atalisha nyumba? Watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin waliuliza swali hilo hilo juu ya rosinyoli. Walirekodi nyimbo za madume mwanzo wa msimu, kisha wakahesabu mara ngapi kila baba analeta chakula kiotani. Majibu yalitolewa mwaka wa 2015. Madume walioimba kwa mpango, wanaorudia nyimbo zao kwa utaratibu unaoeleweka, ndio waliolisha watoto mara nyingi zaidi. Baba hodari aliweza kufika kiotani hata mara 16 kwa saa moja.

Tuangalie vizuri kile kilichomsaidia jike kuchagua. Wimbo wa kupendeza peke yake haukumtosha. Alisikiliza kama una utaratibu, na kama mwimbaji anaweza kuushika usiku baada ya usiku. Mwenye kuimba ovyo ovyo leo ataleta chakula ovyo ovyo kesho. Mama anayemfundisha binti yake asiwe na haraka, amtazame kijana kwa miezi na si kwa siku moja ya zawadi, anafundisha jambo ambalo hata ndege wa msituni analijua.

Hakuna anayezaliwa akijua kuimba

Kuku anawika bila mwalimu. Rosinyoli sivyo. Kifaranga dume lazima asikie nyimbo za wakubwa katika miezi ya kwanza ya maisha yake. Huko Berlin watafiti Henrike Hultsch na Dietmar Todt walilea vifaranga kwa mikono, wakawachezea nyimbo zilizorekodiwa. Watoto wale walinyamaza, wakasikiliza. Baadaye wakaanza kuguguna, sauti zisizoeleweka, kama mtoto wetu wa mwaka mmoja anayesema ba-ba-ba. Majira ya kuchipua yaliyofuata wakaimba nyimbo kamili zile walizosikia wakiwa wadogo. Tena hawakuzishika moja moja: walizikumbuka kwa mafungu, nyimbo chache pamoja, jinsi mtoto anavyoshika ubeti na kuuunganisha na ubeti.

Jambo la kukumbuka hapa ni ule wakati wa ukimya. Mtazamaji angesema: mtoto huyu hajajifunza kitu. Kumbe yote yamekwisha kuingia. Ndivyo na watoto wetu. Mama anayemwimbia mtoto mgongoni huku akitwanga sombe, anayemtajia majina ya vitu njiani kwenda sokoni, asivunjike moyo kwa kuwa mtoto hajibu. Mtoto anaweka akiba. Siku moja ataifungua, nawe utasikia maneno yako mwenyewe, mazuri na mabaya, yakitoka kinywani mwake. Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Na mazoezi hayaishii huko Ulaya. Rosinyoli ana ndugu yake wa karibu sana, rosinyoli wa mashariki, anayezaa katika nchi kama Sweden, Polandi na Urusi. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2019 ulilinganisha nyimbo zake za Ulaya na zile anazoimba akiwa Afrika. Za Afrika zilikuwa zinabadilikabadilika zaidi, hazijatulia, zinafanana na za mwanafunzi. Inaonekana anajizoeza kwetu. Sherehe inachezwa Ulaya, lakini mazoezi yanafanyika katika vichaka vya Afrika.

Safari ya usiku, bila mkubwa

Mwezi wa saba na wa nane wadudu wanapoanza kupungua, rosinyoli wanaanza kuondoka. Wanasafiri usiku, kila mmoja peke yake. Kifaranga wa mwaka ule, ambaye miezi mitatu iliyopita alikuwa yai, anaondoka bila baba wala mama, anavuka Mediterania, anavuka jangwa la Sahara, na anafika mahali ambapo hajawahi kupaona. Ndege wanaosafiri usiku wanaongozwa na nyota, tena na nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira.

Watafiti wa Sweden walifanya jaribio moja juu ya rosinyoli wa mashariki, wakalitangaza mwaka wa 2001. Waliwaweka ndege vijana katika vizimba, wakawazungushia sumaku ya kutengenezwa iliyofanana na ile ya Misri ya kaskazini. Miili ya ndege iliamini kwamba imefika ukingoni mwa Sahara: wakala sana na kuweka mafuta kuliko wenzao walioachwa katika sumaku ya Sweden. Hawakuwahi kuona jangwa, lakini mwili ulijua kwamba mbele hakuna chakula wala maji, na kwamba lazima kubeba akiba.

Mwaka wa 2009, huko Norfolk, Uingereza, dume mmoja alifungwa mgongoni chombo kidogo sana kinachopima mwanga wa jua. Waliomfunga walimpa jina la OAD. Aliporudi mwaka wa 2010 walisoma chombo kile, wakajua njia yake: alipita Ufaransa, Hispania na Moroko, akafuata pwani ya Afrika ya magharibi, akafika Senegal na kisha Guinea-Bissau. Kwa mara ya kwanza Waingereza walijua ndege wao anakaa wapi wakati wa baridi.

Wengine wanaelekea upande wetu. Makao ya rosinyoli wakati wa baridi ya Ulaya ni ukanda mrefu unaoanza Senegal, ukapita Ghana, Nigeria na Kameruni, ukagusa kaskazini mwa Kongo, hadi Uganda na Kenya. Rosinyoli wa mashariki anateremka zaidi, hadi Zambia, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji. Njiani anapita Kenya: huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, usiku wa ukungu, ndege wengi sana wa safari wanavutwa na taa, na kwa miaka zaidi ya 50 watu wamekuwa wakiwavisha pete ndogo za chuma mguuni na kuwaachilia. Rosinyoli wa mashariki ni mmoja wa wale wanaopatikana hapo kwa wingi.

Mwezi wa tatu safari ya kurudi inaanza. Wale wanaopona wanarudi mara nyingi katika eneo lile lile walikoimba mwaka uliopita.

Hadithi ya dada wawili

Kwa Kifaransa rosinyoli wa kwanza anaitwa rossignol philomèle, na yule wa mashariki anaitwa rossignol progné. Philomèle na Progné ni majina ya dada wawili katika hadithi ya kale ya Wagiriki, ambayo mshairi wa Roma aitwaye Ovide aliiandika miaka 2000 hivi iliyopita. Ni hadithi nzito. Tunaisimulia kwa sababu wamama wa Kongo wataielewa kuliko wengi.

Progné aliolewa na mfalme Térée, akapelekwa mbali na kwao. Baada ya miaka alimkumbuka dada yake mdogo, akamwomba bwana yake amlete kutembea. Térée akaenda, akamchukua Philomèle kwa baba yao kwa ahadi nzuri. Walipofika, hakumpeleka kwa dada yake. Alimfungia katika nyumba ya msituni, akambaka. Msichana aliposema, ‘Nitakutangaza kwa watu wote,’ mfalme alimkata ulimi. Kisha akarudi nyumbani na kumwambia bibi yake kwamba mdogo wake amekufa.

Philomèle hakuwa na ulimi, lakini alikuwa na mikono. Alifuma kitambaa, na ndani ya kitambaa akafuma yote yaliyompata. Akampa mtumishi amfikishie malkia. Progné akakifungua, akasoma, akaenda msituni na kumtoa dada yake.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini haikuishia. Kwa hasira Progné alimwua mtoto wake mwenyewe, Itys, ili kumwumiza bwana. Térée alipowakimbiza kwa upanga, wote watatu waligeuka ndege. Katika masimulizi ya Kiroma, Philomèle akawa rosinyoli. Ndiyo maana watu wa zamani walidhani wimbo wa usiku ni kilio cha mwanamke.

Sisi tunaona mambo mawili hapa. La kwanza ni kitambaa. Ulimi unaweza kukatwa kwa namna nyingi: kwa vitisho, kwa aibu, kwa maneno ‘usituharibie jina la jamaa’. Lakini mwanamke aliyenyamazishwa bado anatafuta njia ya kusema, na heri kama yuko dada wa kukifungua kitambaa na kukiamini. Sisi wenyewe tunajua kusema kwa kikwembe: kila tarehe 8 Machi tunavaa kikwembe kimoja barabarani, na anayetuona anajua tunadai nini. Basi jirani akija kwako na habari nusu nusu, akilia bila kusema, uwe wewe dada huyo. Usimwulize alivaa nini. Msindikize hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inasaidia ikianzwa ndani ya muda huo, na mapema ni bora zaidi.

La pili ni Itys. Kosa lilikuwa la baba, aliyelipa ni mtoto. Hasira ya mama aliyeonewa ni ya haki, lakini ikimwangukia mtoto, hata mtoto aliyezaliwa kwa ubaya ule, aliyetenda uovu hajaguswa. Tuwe karibu na mama wa namna hiyo pia, asibaki peke yake na hasira yake.

Sauti yake katika vita

Jina la ndege huyu liko pia hospitalini. Mwanamke aliyeijenga upya kazi ya uuguzi baada ya vita vya Crimea aliitwa Florence Nightingale, na jina lake la ukoo, kwa Kiingereza, ndilo jina la rosinyoli. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820, na siku hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Wauguzi.

Tarehe 19 Mei 1924, radio BBC ya Uingereza ilitangaza moja kwa moja kutoka bustani ya mwanamuziki mmoja, Beatrice Harrison, akipiga selo yake usiku ili rosinyoli wajibu. Leo kuna ubishi: wengine wanasema aliyesikika usiku ule wa kwanza alikuwa mtu hodari wa kuigiza ndege. Lakini watu walipenda mno, na radio ikarudi bustanini mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 19 Mei 1942, katikati ya vita vya pili vya dunia, mafundi walikuwa tena katika bustani ile. Mara ukasikika mngurumo: ndege za chuma, zaidi ya mia moja, zikienda kuangusha mabomu Ujerumani. Fundi aliona kwamba sauti ile ikitoka hewani itawaonya maadui, akakata matangazo. Lakini mashine ya kurekodi iliendelea. Rekodi ipo hadi leo: mngurumo unaongezeka, unapita juu, na ndege mdogo chini kichakani anaendelea kuimba. Wamama waliowahi kuwalaza watoto huku bunduki zikilia mlimani watajua kile alichokuwa anafanya.

Kwa nini anapungua

Nchini Uingereza rosinyoli wamepungua kwa karibu asilimia 90 katika miaka 50. Sababu ya kwanza ni vichaka: vimefyekwa kwa mashamba na majumba, au vimeachwa vikawa misitu mirefu isiyo na majani chini. Kulungu nao wameongezeka, wanakula mimea ya chini ambayo rosinyoli anajificha ndani yake. Na inawezekana kwamba mabadiliko ya makao yake ya Afrika yanachangia.

Huko Hispania watafiti waliopima rosinyoli kwa miaka 20 walitangaza mwaka wa 2020 kwamba mabawa yao yanafupika kulingana na mwili. Majira ya kuchipua yanachelewa na ukame unazidi, na ndege wenye mabawa mafupi wana shida katika safari ndefu, wanarudi wachache.

Lakini habari njema ipo. Katika shamba moja kubwa la kusini mwa Uingereza liitwalo Knepp, wenyewe waliacha kulima, wakaacha miiba na vichaka virudi. Rosinyoli waliokuwa karibu kwisha wakarudi kwa makumi. Hawakuletwa na mtu. Walikiona kichaka, wakashuka.

Tunaweza kufanya nini

Wengine watasema hilo ni jambo la Wazungu. Hapana. Ndege ni mmoja, nyumba zake ni mbili. Nchi yetu imejiunga na Mkataba wa Bonn wa mwaka wa 1979 juu ya wanyama wanaohama. Na vichaka vinavyomfaa rosinyoli vinatufaa sisi wenyewe:

1. Acha ukanda wa kichaka kati ya mashamba na kando ya mto. Unashika udongo mvua kubwa ikinyesha, na ndege wanaokaa humo wanakula wadudu.

2. Usichome shamba hovyo. Moto wa kusafisha unapovuka mpaka, unaunguza makao ya viumbe wengi na kuni za kesho.

3. Punguza makala. Mbabula ya udongo inayotunza moto inapika chungu kile kile kwa makala machache, na feza inabaki nyumbani.

4. Zungumza na watoto wenye manati. Mtoto akijua kwamba ndege huyu mdogo amevuka jangwa usiku peke yake, mara nyingi mkono wake unashuka wenyewe.

5. Ukimkuta ndege mwenye pete ya chuma mguuni, usiitupe. Akiwa hai, soma maandishi na namba, andika tarehe na mahali, umwachilie. Akiwa amekufa, itunze pete. Pelekea mwalimu au wahudumu wa mbuga habari hiyo. Namba ile inaweza kueleza safari nzima.

Siku ya Dunia ya Ndege Wanaohama huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano na ya mwezi wa kumi. Kikundi kinaweza kuchagua moja, kikawachukua watoto alfajiri kando ya shamba, wakasikiliza kwa nusu saa tu na kuhesabu sauti ngapi tofauti wamesikia.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Nyimbo gani za kubembeleza mlizosikia kwa mama zenu, na ni ngapi mmewaimbia watoto wenu?

2. Mabinti wetu wanachagua mchumba kwa kutazama nini? Sisi tunawafundisha watazame nini?

3. Katika mtaa wetu, mwanamke aliyenyamazishwa anaweza kumpelekea nani kitambaa chake? Je, kikundi chetu kimejulikana kuwa mahali hapo?

4. Kichaka kipi karibu na mashamba yetu tungeweza kukiacha kisikatwe mwaka huu?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni hatuombi chakula wala kitanda. Anatuomba kichaka tu, mpaka mwezi wa tatu.